Tulifunikwa nguo ukweni Sumatra: je, ni sanda, na naweza kuishona gauni?

*"Kijana wangu ameoa Mwindonesia, Mbatak wa kando ya Ziwa Toba. Harusi ilifungwa Medan mwezi wa nane, kanisani kwanza, kisha ukumbini, ngoma na hotuba tangu asubuhi hadi jioni. Kabla ya hapo kijana alipewa jina la ukoo wao na wazazi wa kimila. Siku yenyewe wazazi wa bibi harusi walianza na hao wazazi wa kimila, kisha wakatufunika mimi na mume wangu nguo moja kubwa nzito, wakisema maneno mengi ambayo sikuyaelewa. Nami nilikuwa nimebeba kanga na vitenge kwa ajili ya mama yake, kama tufanyavyo kwetu, nikamvika kanga mabegani. Ukumbi ukanyamaza, halafu watu wakacheka kidogo, mambo yakaendelea. Tangu siku ile sina amani.*

*Nimerudi Moshi na nguo. Mwenzangu wa jumuiya ameona video ya mazishi ya Wabatak, maiti amefunikwa nguo kama hii hii, ananiambia nimeletewa sanda na niichome. Nikiishika, vidole vinabaki na bluu, naye anasema hiyo ni dawa. Fundi wangu anasema batiki nzuri namna hii itatoa gauni langu na kizibao cha baba. Ina doa la mchuzi wa manjano la siku ya harusi. Sasa mkamwana ana mimba ya miezi mitano, wanaishi Dar, na wazazi wake wamesema watakuja mwezi wa saba wa mimba na nguo nyingine, na samaki. Nifanye nini na hii niliyonayo, na hao niwapokeeje?"*

Shikamoo mama, na hongera kwa kupata mkamwana.

Umekaa na hofu hii muda mrefu, kwa hiyo naanza na jibu lenyewe. Nguo iliyo sandukuni mwako si sanda. Inaitwa ulos, na kwa picha ulizotuma naona ni ragidup, aina ambayo Wabatak wa Toba huiheshimu kuliko karibu zote. Usiichome, usimpelekee fundi, na tafadhali usiifue mpaka umalize kusoma hapa. Kuhusu kanga, kweli kuna jambo lilitokea pale ukumbini, si kwamba umelidhania tu. Lakini halikuwa tusi, na linarekebishika.

Nimalizane na suala la fundi kwanza. Hii si batiki. Batiki ya kisiwa cha Java huanza na kitambaa kilichokwisha fumwa: mchoraji hupaka nta ya moto pale asipotaka rangi iingie, anachovya, anaitoa nta, anarudia. Waholanzi waliotawala visiwa vile waliiga kazi hiyo kwa mashine katika karne ya 19, wakaja kuuza vitambaa vyao Afrika Magharibi, na vitenge tunavyovaa leo ni wajukuu wa biashara hiyo. Ndiyo maana jicho la fundi wako limeona ndugu. Ulos haichorwi juu ya kitambaa. Mchoro wake umo ndani ya nyuzi: zinatiwa rangi kwanza, nyingine zikiwa zimefungwa mafundo ili rangi isipite, ndipo zinatandwa na kufumwa. Mkasi ukipita, nyuzi zinaanza kuachana na mchoro unakwenda nazo.

Neno ulos kwa matumizi ya kawaida ni blanketi. Ziwa Toba liko juu, karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, ndani ya shimo la volkano kubwa ya kale, na usiku kuna baridi ambayo mtu wa Moshi hahitaji kuelezwa. Wazee wa Kibatak husema binadamu hupata joto kwa vitu vitatu: jua, moto na ulos. Jua huzama, moto hauchukuliki safarini, ulos mtu anatembea nayo. Kutoka kwenye joto hilo la mwili ndipo ikaja maana ya pili: anayekufunika ulos anakupa joto la maisha, yaani uzima, uzazi, kulindwa. Wana msemo wao, *Ijuk pangihot ni hodong, ulos pangihot ni holong*. Ijuk ni nyuzi nyeusi zinazoota kwenye shina la aina fulani ya mtende, zikalishika kuti lisianguke. Basi kama ijuk inavyofunga kuti, ndivyo ulos inavyofunga upendo.

Sasa nawa mikono, uikaushe vizuri, uitandike ragidup yako kitandani tuisome pamoja. Utaona mishono miwili inayokwenda kwa urefu. Ni kwa sababu imefumwa vipande vitatu, viwili vya pembeni na kimoja cha kati, kisha vikaunganishwa. Kipande cha kati ni cheusi chenye mistari myembamba, lakini ncha zake mbili ni nyeupe, zimejaa michoro midogo ya pembetatu, almasi na nukta. Tazama ncha hizo kwa makini: hazifanani kabisa. Moja ni ya kiume, *pinarhalak baoa*, nyingine ya kike, *pinarhalak boru*. Nguo nzima kwa hiyo ni mume na mke na maisha yaliyo katikati yao. Jina lenyewe, ragidup, linatokana na *ragi*, mchoro, na *idup*, uhai.

Niliwahi kukaa kutwa nzima barazani kwa bibi mmoja kisiwani Samosir, ndani ya Ziwa Toba, akifuma ncha ya namna hiyo. Mtambo wake hauna miguu. Upande mmoja umefungwa kwenye nguzo ya nyumba, upande wa pili umezunguka kiuno chake, na akitaka nyuzi zikaze anaegemea nyuma. Mwili wake ndio mtambo. Alipofika mahali pa weupe hakufuma juu ya nyuzi nyeusi. Aliingiza nyuzi nyeupe za mtande, zile za urefu, moja moja, mahali pa kila uzi mweusi, akazishikiza kwa mshindio, uzi unaopita upana, ndipo zile nyeusi zikakatwa. Hata jua linainama alikuwa hajamaliza upana wa kiganja. Kwa hiyo unapoona pale ambapo weusi unageuka weupe, jua kwamba pana siku nyingi za mtu pale.

Rangi zenyewe, nyeupe, nyekundu na nyeusi, wazee huzihusisha na dunia tatu za Kibatak: ya juu, hii ya kati tunayoishi, na ya chini. Sitakaa sana hapo, maana jambo linalokusumbua liko kwingine.

Liko kwenye kanga.

Kwetu, uchumba ukifika kwenye mahari, nguo hutoka upande wa muoaji kwenda upande wa binti. Kuna blanketi la bibi, shuka la babu, vitenge vya mama. Pwani kuna mkaja wa mama na kilemba cha baba. Mama wa kijana akimvika kanga mama wa binti, huo ni ukarimu mtupu na vigelegele vinapigwa. Ulifanya ulilolelewa nalo. Kwa Wabatak nguo inakwenda njia ya pili kabisa: inatoka kwa wazazi wa binti kuja kwenu, na hairudi.

Msingi wake unaitwa *Dalihan Na Tolu*, na tafsiri yake itakufurahisha, kwa sababu ni mafiga matatu. Figa la kwanza ni *hula-hula*, ukoo uliotoa mke. La pili ni *dongan tubu*, ndugu wa ukoo wako mwenyewe. La tatu ni *boru*, ukoo uliooa, na humo ndimo mlimo nyinyi. Chungu hakikai bila figa mojawapo, lakini mafiga hayo hayana cheo kimoja. Hula-hula ndio chemchemi ya baraka, maana uzazi umetoka kwao. Wana kanuni ya maneno machache: *somba marhula-hula, elek marboru, manat mardongan tubu*. Waheshimu waliokupa mke, wabembeleze waliooa kwako, kuwa mwangalifu na ndugu wa ukoo wako. Kila familia inakalia mafiga yote matatu kwa wakati mmoja. Wazazi wa mkamwana wako ni hula-hula kwenu, lakini wao nao ni boru kwa ukoo ule ambako mama yake alizaliwa, na huko wao ndio huinama wafunikwe.

Hula-hula hutoa ulos, samaki na mchele. Kama walikuwekea punje za mchele kichwani, hiyo nayo ilikuwa baraka ya kuimarisha roho. Boru hutoa fedha, mifugo na nyama. Vya upande wenu vyote huitwa kwa jumla *piso*, yaani kisu, na vya upande wao huitwa ulos hata visipokuwa nguo. Baba akimpa bintiye shamba la mpunga, shamba hilo huitwa *ulos na so ra buruk*, ulos isiyochakaa. Siku hizi mtu asiyewahi kununua nguo hutoa bahasha ya fedha, nayo huitwa *ulos tinonun sadari*, ulos iliyofumwa kwa siku moja. Nguo kwao ni mwili tu wa tendo, na tendo hilo, la kumfunika mtu mabegani kwa maneno ya dua, linaitwa *mangulosi*. Linateremka kutoka kwa hula-hula kwenda kwa boru, kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto.

Basi ulipomvika mama yule kanga mabegani, wao hawakuona kanga. Waliona mangulosi inayopanda juu. Ni kama mtoto angemwambia babu yake marahaba. Watu hawamchukii mtoto, wananyamaza kidogo wakitazamana, kisha wanacheka kwa sababu wanaelewa hakujua. Sikuwapo ukumbini, lakini nimewaona Wabatak wakiwapokea wageni wengi wa namna hii, na kicheko cha aina uliyoieleza si cha dharau. Tena familia iliyomtafutia kijana wako ukoo na wazazi wa kimila ili harusi iende kwa adabu zote ilikuwa imekwisha kuamua kuwapokea mzimamzima.

Kurekebisha ni rahisi. Mwombe mkamwana awaeleze wazazi wake kwa Kibatak kwamba kwetu nguo hupanda, na kwamba mama muoaji asipompa nguo mama wa binti ni yeye anayeonekana hana adabu. Usiombe radhi kwa machozi wala usitume fedha za faini, utalikuza jambo. Watakapofahamu hivyo, ile kanga itageuka kuwa hadithi nzuri ya ukoo wao. Na siku nyingine ukiwapa nguo, mpe mkononi, imekunjwa, kwenye sinia au kikapu pamoja na vitu vingine, ili iwe zawadi ya kawaida. Jambo lenye uzito ni kuweka mabegani. Halafu chagua kanga yenye maneno mema, kwa sababu wataomba kutafsiriwa.

Sasa hofu ya mwenzako wa jumuiya. Sitasema ameona vibaya, kwa kuwa ameona kweli. Alichokosea ni kudhani kwamba nguo moja ina kazi moja. Ulos ina majina mawili. Jina la kwanza ni la ufumaji wake: ragidup, sibolang, ragi hotang, sadum, mangiring. Jina la pili ni la tendo lililofanywa nayo. Mliyofunikwa nyinyi kama wazazi wa bwana harusi inaitwa *ulos pansamot*, ikijibu *sinamot*, yaani mahari mliyotoa. Waliyofunikwa maharusi wote wawili ni *ulos hela*, ulos ya mkwe, na mara nyingi huwa ragi hotang. Mtu akifariki, mjomba wake huleta ya kumfunika, nayo siku hiyo huitwa *saput*. Mjane huwekewa kichwani *tujung*, mara nyingi sibolang ya buluu iliyokoza. Ikiwa marehemu ni mzee aliyeacha wajukuu, mauti yake huitwa *saur matua*, watu hucheza ngoma siku kadhaa, na mjane hapewi tujung, hupewa *sampe tua*, ulos ya kumtakia uzee mrefu. Katika misiba hiyo ya heshima ragidup nayo huonekana. Nguo ni ile ile, maneno na mkono ulioiweka ndivyo vinavyosema ni ya nini. Na sisi tunalijua hili. Kanga inayompokea mtoto kwa mkunga ndiyo inayomsitiri maiti akioshwa, na hakuna anayechoma kanga zake.

Yako iliwekwa na mikono ya watu waliokuwa wakiwatakia nyinyi wawili wajukuu. Miezi michache baadaye mkamwana ana mimba, kwa hiyo unaweza kukisia wao watakavyolisimulia.

Hiyo bluu ya vidoleni ni nili. Majani ya mnili hulowekwa yakachacha, hutiwa chokaa, na uzi ukitolewa kwenye chungu huwa wa kijani-njano, kisha hubadilika mbele ya macho yako ukipigwa na hewa mpaka unakuwa wa bluu. Ukichovywa mara nyingi unakaribia weusi. Sasa nili haiungani na pamba kama rangi nyingine zinavyoungana. Inakaa juu na ndani ya uzi kama chembe ndogo sana zilizonaswa, ndiyo maana ikisuguliwa chembe za juu hutoka, sawasawa na suruali mpya ya jinzi inavyochafua kiti. Nguo iliyochovywa mara nyingi hutoka zaidi, na ni dalili ya kazi iliyokolezwa. Wekundu hutoka kwenye mizizi ya mti wa noni, ambao huko unaitwa *bangkudu*. Siku hizi wafumaji wengi hutumia rangi za dukani pia, na hazipunguzi baraka kwa macho ya Wabatak wenyewe.

Kuhusu imani nitakuwa mkweli. Zamani, kabla ya Ukristo, Wabatak waliamini ulos huimarisha *tondi*, roho ya mtu iliyo uhai wake, na wapo wachache wa dini ya jadi, Parmalim, wanaoshika hivyo hadi leo. Wapo pia, huko huko Sumatra, Wakristo waliozichoma ulos zao kwa hofu kama ya mwenzako. Lakini wengi wa Toba ni Waprotestanti tangu siku za mababu zao. Kanisa lao kubwa, HKBP, huhesabu mwanzo wake mwaka 1861, na mmisionari anayekumbukwa zaidi, Ludwig Nommensen, alifika Sumatra mwaka 1862. Wanavaa ulos kanisani, wanafunika nayo wachungaji na wageni. HKBP na dayosisi kadhaa za KKKT ni wanachama wa umoja mmoja wa misheni, UEM, wenye ofisi Wuppertal, Ujerumani, kwa hiyo yapo makanisa ya Kilutheri nchini ambayo yamekwisha kupokea Wabatak. Kama moyo bado ni mzito, muone mchungaji wako uso kwa uso, umweleze yote, akiiombea nguo hakuna ubaya. Ila asiipake mafuta. Mafuta hayo hayatatoka.

Kushona? Hapa Wabatak wenyewe wanabishana. Vijana wa Medan na Jakarta huvaa majaketi na mikoba ya ulos, na wapo wafumaji wanaoishi kwa biashara hiyo. Serikali ya Indonesia nayo iliitambua ulos kuwa urithi wa taifa tarehe 17 Oktoba 2014, na tangu hapo umaarufu wake kwa wabunifu umezidi. Wazee wengi hununa, wengine wamekubali. Lakini wote niliowahi kuongea nao wanatenganisha ulos iliyonunuliwa ili ishonwe na ulos iliyowekwa begani kwa mangulosi. Hiyo ya pili haikatwi na haiuzwi. Ukitaka gauni, mwambie mkamwana akuagizie kipande cha kushonea, utampa kazi mfumaji mwingine na hakuna atakayeumia. Kuitundika ukutani kwenye fremu kunapendeza, ila mwanga wa kila siku utakula ule wekundu taratibu, na Moshi jua halitanii. Mimi ningeiweka, niitoe siku za shughuli za ukoo, na siku moja nimwachie mwanangu na mkewe.

Doa sasa. Mchuzi ule nadhani ulikuwa wa *arsik*, samaki wa manjano wa karamu zao, na rangi iliyobaki ni ya bizari manjano. Bizari ina tabia moja ya kutisha: ikikutana na magadi au sabuni hugeuka nyekundu kama damu ya mzee. Ukilisugua kwa sabuni ya mche utapata doa jipya baya kuliko la kwanza, na nili itasambaa kwenye ncha nyeupe ambazo bibi wa watu alizifuma nyuzi moja moja. Ni kweli jua hufifisha bizari, na wengi watakushauri uianike. Jua hilo hilo litafifisha wekundu wa noni vilevile. Nimepima pande zote mbili na ushauri wangu ni uliache doa. Kama mafuta bado yananata, weka kitambaa cheupe cha pamba chini na kingine juu, bonyeza kwa kiganja, usisugue, rudia kwa vitambaa vikavu. Usitie maji.

Usiitunze ndani ya mfuko wa nailoni, unyevu utanaswa na ukungu utaota. Chukua bomba gumu la boksi, lile la kuzungushia vitambaa dukani, lifunike kwa shuka jeupe la zamani lililofuliwa mara nyingi, uizungushe ulos juu yake bila kuikunja, kisha uifunike shuka jingine. Iweke mahali pakavu penye kivuli, uifungue kila baada ya miezi miwili kuitazama. Ukiona mashimo madogo au vumbi kama unga, wadudu wameingia: itie kwenye mfuko uliofungwa vizuri, uiweke ndani ya friza wiki mbili, uitoe na kuiacha siku nzima kabla ya kufungua. Ukungu, au mshono ulioanza kuachia, usijaribu mwenyewe. Ukiwa Dar, nenda Makumbusho ya Taifa uulizie mhifadhi wa vitu vya utamaduni, na ubalozi wa Indonesia uliopo Dar unaweza kukuelekeza kwa wataalamu wa Makumbusho ya Nguo ya Jakarta.

Na hapa naomba unisikilize sana kwa sababu ya mtoto anayekuja. Usitumie vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Mvuke wake ukibaki kwenye nguo na nguo hiyo ikamfunika mtoto mchanga, unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yake, hasa akiwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wa kawaida kwetu Afrika na wazazi wengi hawajui wanao. Nasema hivi kwa kuwa mtoto akizaliwa, huenda wazazi wa mkamwana wakaleta ulos ya kumbebea, mara nyingi mangiring. Ni mbeleko yao. Jina lake ni la kufuatana kwenye mstari, kumwombea mtoto wadogo zake. Ikiwa nguo yoyote ya mtoto imekwisha kukaa na vidonge hivyo, ifuliwe na ianikwe hewani mpaka harufu iishe kabisa, na mtoto akibadilika rangi ya macho au ngozi kuwa njano, au mkojo wake ukawa mweusi, msisubiri asubuhi, mpelekeni hospitali.

Kuhusu ziara ya mwezi wa saba: wanachokuja kufanya kwa kawaida hufanywa kwa mimba ya kwanza. Watamlisha binti yao samaki na kumfunika, yeye na mumewe, ulos wanayoiita *mula gabe*, mwanzo wa uzazi. Wengine huiita *ulos ni tondi*. Shughuli ni yao, nyinyi ni wenyeji na boru. Waweke kwenye viti vya heshima, wewe na baba mkae upande wa pili. Wao wataleta samaki, nyinyi andaeni nyama, msibadilishane. Samaki huwa mzima, hakatwi. Kwao zamani alikuwa *ihan* wa ziwani, alipoadimika wakahamia samaki aina ya kapu (carp kwa Kiingereza), kwa hiyo wakifika Dar na kumkosa wakaulizia sato, muwatafutie sato wakubwa na wazima, mila yao imekwisha kuzoea kuhama. Bahasha iwepo, kiasi chake muulize mwanao, naye awaulize wazazi wake wa kimila kule Medan, kwa sababu hao ndio wanaojua walichokubaliana. Wapigieni simu mapema. Wakiachwa nje ya jambo hili, huo ndio utakuwa utovu wa adabu wa kweli.

Wakiingia watasema "Horas!" Itikia hivyo hivyo, kwa sauti. Na kabla hawajafika mwombe mkamwana akuvalishe ragidup yako, anajua begani inakaaje na ncha ipi inatangulia. Kanga za mama yake ziweke kwenye kikapu pamoja na kahawa ya Kilimanjaro, umkabidhi mkononi siku anapoondoka.